Unakuja Arusha au Moshi wakati wa mlipuko? Anza kuhesabu kutoka mwisho

Mwongozo huu ni wa watu wa aina tatu: ndugu anayerudi Moshi kula Desemba akitokea nje ya nchi, mgeni wa harusi au msiba anayevuka mpaka wa Kenya pale Namanga au Holili, na yule anayekuja kupanda Mlima Kilimanjaro. Mlipuko unaweza kuwa wa corona, Marburg, mpox au ugonjwa ambao leo hatuujui. Masharti ya corona ninayoyataja hapa yalikuwa ya miaka ile na yameshapita. Nimeyachukua kwa sababu yanaonyesha vizuri safari huharibikia wapi.

Na mara nyingi haiharibikii pale watu wanapotazama. Msafiri anasoma masharti ya kuingia Tanzania, anayatimiza yote, halafu anazuiwa kwenye kaunta ya shirika la ndege hukohuko alikoanzia. Mwingine anaingia salama, anacheza harusi mpaka asubuhi, wiki mbili baadaye anagundua kwamba nchi anayoishi haimpokei tena bila karantini ya kulipia. Kwa hiyo tutapanga kinyumenyume: kurudi kwanza, kuingia baadaye.

Hatua ya 1: Jua ni ugonjwa gani, na uko wapi

Watu wa nje wakisikia "Tanzania" hawaulizi ni mkoa gani. Tarehe 20 Januari 2025 ilipotangazwa Marburg, wagonjwa walikuwa Biharamulo, mkoani Kagera, ng'ambo ya Ziwa Victoria ukitazama kutoka huku kwetu. Mlipuko ule ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi mwaka huohuo. Aliyekuwa na safari ya Moshi mwezi Februari alihitaji kujua mambo mawili tu: kama njia yake inapita Kagera, na kama nchi yake imeweka sharti lolote kwa mtu anayetoka Tanzania. Hayo ni maswali mawili tofauti, na la pili ndilo linalosahaulika.

Ugonjwa wenyewe ndio unaokuambia ujikinge vipi. Corona husambaa kwa hewa na dalili huonekana ndani ya siku 2 hadi 14. Marburg husambaa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa aliyefariki, na huweza kujificha siku 2 hadi 21. Ndiyo maana kwa Marburg na Ebola utasikia watu wakifuatiliwa siku 21, na ndiyo maana msiba una hatari kuliko kosta iliyojaa. Kipindupindu ni maji na choo. Mtu anayevaa barakoa mbili huku anakula kachumbari iliyooshwa kwa maji ya mfereji wakati wa kipindupindu amejikinga upande usio na adui.

Habari zitafute kwa wenyewe: Wizara ya Afya, Uhamiaji, ubalozi wa nchi unayorudi, na shirika la ndege. Gurupu la WhatsApp la ukoo ni zuri kwa kuchangishana michango, lakini tangazo linalosambazwa humo huenda ni la mwaka juzi. Tazama namba ya toleo na tarehe. Mwongozo wa wasafiri ulioanza kutumika Tanzania tarehe 4 Mei 2021 ulikuwa namba 6, maana yake kabla yake kulikuwa na mingine mitano, na kila mmoja ulikuwa na watu walioendelea kuutuma baada ya kufutwa.

Hatua ya 2: Andika sehemu nne zinazoweza kukuzuia

Chukua karatasi. Andika kutoka chini kwenda juu: nchi unayorudi, Tanzania, uwanja unaobadilishia ndege, shirika la ndege. Kila moja ina masharti yake, na kali kuliko zote ndiyo utakayoifuata.

Anza na nchi unayorudi, maana hapo ndipo penye gharama kubwa. Kwa sehemu kubwa ya mwaka 2021, hadi Oktoba, Tanzania ilikuwa kwenye orodha nyekundu ya Uingereza. Mkazi wa Uingereza aliyekuja kumzika baba yake Machame alipokelewa hapa bila shida, lakini kurudi kwake kulimaanisha karantini ya siku 10 katika hoteli iliyoteuliwa na serikali ya huko, kwa gharama iliyoanzia pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja. Hiyo ni zaidi ya nauli yenyewe ya kuja na kurudi. Haikuandikwa popote kwenye masharti ya kuingia Tanzania, kwa sababu haikuwa sharti la Tanzania.

Uwanja wa kubadilishia ndege nao una mtego wake. Ukiwa na tiketi moja na mizigo imesajiliwa mpaka KIA, yaani Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, kwa kawaida hukanyagi ardhi ya nchi ya katikati. Ukinunua tiketi mbili za mashirika mawili ili kuokoa dola mia, unaweza kulazimika kuchukua mizigo na kuisajili upya, yaani kuingia nchi ile, na hapo masharti yake yote ya afya na viza yanakuhusu. Wakati wa corona viwanja vingine vilidai cheti hata kwa asiyetoka nje ya uwanja. Mlipuko ukiwepo, tiketi mbili si akiba.

Shirika la ndege ndilo hakimu wa kwanza. Likikuleta bila karatasi inayotakiwa linaweza kupigwa faini na kulazimishwa kukurudisha, kwa hiyo mhudumu wa kaunta hatakuonea huruma hata ukimwonyesha kadi ya mwaliko wa harusi. Waandikie, uwaulize kwa maandishi, uchapishe jibu lao.

Masharti hugeuka ukiwa tayari umelipia. Tarehe 16 Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa watu, ikaacha mizigo. Siku mbili baadaye, tarehe 18 Mei, Tanzania ikafungua anga lake kwa ndege za kimataifa. Mwezi Agosti Kenya ilipofungua anga lake, Tanzania haikuwemo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Tanzania nayo ikaizuia Kenya Airways, mpaka Septemba mambo yakatulia. Mtu wa Nairobi mwenye shughuli zake Arusha aliona mpango wake ukibadilika mara tatu ndani ya miezi minne. Kwa hiyo angalia orodha yako mara tatu: kabla ya kununua tiketi, wiki moja kabla ya safari, na siku ya kuamkia safari.

Hatua ya 3: Kadi ya njano

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili ni sharti lisilosubiri mlipuko, na ndilo linalowashika majirani zetu wa Kenya kila msimu wa harusi.

Tanzania hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ndiyo hiyo kadi ya njano, kwa msafiri mwenye umri wa mwaka 1 na kuendelea anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, au aliyekaa saa 12 au zaidi kwenye uwanja wa ndege wa nchi kama hiyo. Kenya imo kwenye orodha hiyo. Ethiopia imo pia. Mtu anayetoka Ulaya kupitia Addis Ababa akasubiri saa tatu, hahusiki. Akilala huko kwa sababu ndege ya kwanza ilichelewa, ameshahusika. Anayepitia Doha, Istanbul au Amsterdam hana hofu hiyo.

Chanjo huhesabiwa kuwa halali siku 10 baada ya kuchomwa. Harusi ikiwa Jumamosi na wewe umekwenda kuchanja Jumatatu ya wiki hiyohiyo, umejikinga kwa maisha yako yote lakini hujajikinga na afisa wa mpakani. Panga wiki mbili kabla, au zaidi.

Baada ya hapo hutarudia. Tangu tarehe 11 Julai 2016, chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa, cheti hiki ni cha maisha. Kadi ya zamani iliyoandikwa kwamba inaisha baada ya miaka 10 bado ni nzima. Usikubali kuchomwa upya kwa sababu tu tarehe iliyoandikwa imepita.

Ukipewa kadi, usiondoke dirishani kabla hujaisoma. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Tarehe isomeke. Namba ya kundi la chanjo iwepo, sahihi iwepo, na muhuri wa kituo uonekane. Muhuri uliofifia kiasi kwamba jina la kituo halisomeki utakusumbua Namanga, na wakati huo aliyeugonga yuko Mombasa anahudumia wengine. Mwombe augonge tena ukiwa palepale.

Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo haimfai kila mtu. Mtoto chini ya miezi 9, mwenye mzio mkali wa mayai na mwenye kinga dhaifu hawachanjwi kienyeji. Mjamzito na aliyevuka miaka 60 aonane na daktari kwanza. Daktari akiona haifai, aandike barua ya msamaha yenye muhuri wake, na barua hiyo ndiyo isafiri pamoja na pasipoti.

Na kuna wale wanaouza kadi bila sindano. Wanajulikana, wana maneno matamu, na wanafanya haraka kuliko zahanati. Kadi ya kununua ni hatia, halafu haizuii homa ya manjano, ambayo haina dawa ya kuiponya. Sina la kuongeza.

Hatua ya 4: Kipimo, na hesabu ya saa

Mlipuko ukiwa wa ugonjwa unaopimika haraka, nchi hudai cheti cha kipimo. Mwaka 2021 Tanzania ilidai cheti cha PCR, yaani kipimo cha maabara, kilichofanyika ndani ya saa 72, na ukifika ukapimwa tena kwa kipimo cha haraka. Ada yake ilianzia dola 25, kisha ikashushwa hadi dola 10. Kuanzia Machi 2022 waliokamilisha chanjo waliachiwa.

Saa 72 zinasikika nyingi. Tuzihesabu. Tuseme unatua KIA Jumamosi saa saba mchana. Rudi nyuma saa 72, unafika Jumatano saa saba mchana. Ukichukuliwa sampuli Jumatano saa tatu asubuhi, ukifika una saa 76, cheti kimeshachacha. Ukichukuliwa Alhamisi saa tatu asubuhi, una saa 52 unapotua, na hata ndege ikichelewa saa kumi bado uko ndani. Lakini ndege yako inaondoka Ijumaa jioni, kwa hiyo majibu lazima yatoke Ijumaa mchana. Maabara inayosema "majibu ndani ya saa 48" haikufai, hata kama iko mtaa wa pili na bei yake ni nusu.

Kabla ya kupiga hesabu hiyo uliza mambo mawili. Saa zinahesabiwa tangu sampuli ichukuliwe au tangu majibu yatoke? Na zinaishia unapopanda ndege au unapotua? Safari ndefu ya kutoka Marekani inaweza kula karibu saa 30 peke yake, kwa hiyo jibu la swali hili linaweza kuwa tofauti ya kusafiri na kubaki.

Jingine dogo lakini limeshawahi kuleta zogo kaunta: cheti kimeandikwa 09:00, na mama anayesafiri na cheti hicho anamwambia mhudumu "nilipimwa saa tisa". Tisa ya cheti ni saa tatu yetu. Andika pembeni kwa penseli saa za Kiswahili kama unamsafirisha mzazi, ili akiulizwa asijichanganye.

Na kujifukiza kabla ya kwenda kupimwa hakubadilishi majibu. Nyungu ya 2020 ilikuwa na wapenzi wengi, nami sina ugomvi nao, ila PCR haipimi jinsi kifua kilivyofunguka.

Hatua ya 5: Makaratasi

Kila kitu nakala mbili za karatasi, moja kwenye mkoba wa mkononi na moja kwenye begi kubwa, simu huzimika. Majina yafanane kwenye pasipoti, kadi ya njano, cheti cha kipimo na tiketi. Wengi wetu tuna jina la ubatizo, jina la nyumbani na jina la ndoa, na kila karatasi imechukua lake. Namba ya pasipoti iandikwe kwenye cheti cha kipimo. Kama kuna msimbo wa QR, jaribu kuusoma kwa simu nyingine kabla hujatoka nyumbani.

Wakati wa corona wasafiri walijaza fomu ya afya mtandaoni kwenye mfumo wa Afya Msafiri wa Wizara ya Afya ndani ya saa 24 kabla ya kufika. Fomu za namna hii huuliza namba ya kiti, mahali utakapolala na simu inayopatikana. Andika namba ya mwenyeji wako wa hapa, na umwambie umeiandika. Ikigundulika kwamba abiria wa kiti cha mbele alikuwa mgonjwa, hiyo ndiyo namba itakayopigwa, na shangazi wa Majengo asiyejua habari yoyote atasema huyo simjui.

Hatua ya 6: Bima na pesa ya dharura

Muulize mwenye bima maswali matatu: mnalipa kama ugonjwa huu tayari umetangazwa kuwa mlipuko? Mnalipa malazi ya karantini, au hospitali tu? Mnalipa kama serikali yangu imeonya watu wasisafiri? Swali la tatu ndilo linaloua bima nyingi kimyakimya. Ukipanga kuendelea mpaka Zanzibar, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 huko kuna bima yao ya lazima kwa wageni wa kigeni, dola 44, na hiyo haikusaidii ukiwa kambi ya Horombo, mlimani.

Weka kando pesa ya kulala siku kumi zaidi. Hata kama una ndugu wa kukupokea. Hasa kama una ndugu, kwa sababu mgonjwa wa kuambukiza hapaswi kulala chumba kimoja na watoto wa mwenyeji.

Hatua ya 7: Siku ya kufika

KIA iko wilayani Hai, karibu katikati ya Arusha na Moshi. Meza ya afya huja kabla ya Uhamiaji: kadi ya njano, fomu, kipima joto, na kama mlipuko unadai, kipimo cha haraka. Beba dola au shilingi taslimu, mtandao wa malipo hukatika.

Usikidharau kipima joto, lakini usikiamini kupita kiasi. Mgonjwa wa kwanza wa corona kutangazwa Tanzania, tarehe 16 Machi 2020, alitua KIA siku moja kabla. Alikaguliwa uwanjani, hakuonekana na homa, akapita. Alianza kujisikia vibaya akiwa hotelini Arusha na akaenda mwenyewe Hospitali ya Mount Meru. Uwanja ulifanya kazi yake; mwili wake ulikuwa bado haujaonyesha chochote. Kwa hiyo kupita pale haina maana kwamba umethibitishwa mzima, na ukaguzi ulio muhimu kuliko huo ni ule unaojifanyia mwenyewe siku zinazofuata.

Wanaokuja kupokea waje wawili, si Noah nzima. Madirisha ya gari yawe wazi.

Namanga na Holili ni vituo vya pamoja vya mpakani: unapotoka Kenya, maafisa wa nchi zote mbili wanakuhudumia ndani ya jengo la upande wa Tanzania. Kukiwa na mlipuko, foleni ndefu ni ya madereva wa malori, kwa sababu mizigo haisimami hata watu wakisimamishwa na kila dereva hupimwa. Msafiri wa kawaida afike asubuhi mapema. Mabasi ya Nairobi hayatakusubiri milele; muulize kondakta kabla ya kupanda, ukicheleweshwa mezani mwa afya utapandishwa gari linalofuata au utalipa upya.

Mpaka ukifungwa kwa watu, utapata wa kukuonyesha njia ya panya, kwa bodaboda, kwa bei ya kuelewana. Ukipita huko huna muhuri wa kuingia, kwa hiyo huwezi kutoka kihalali. Ukiugua, hakuna kitabu kinachoonyesha ulitoka wapi, na daktari ataanza kukisia. Harusi itapigwa picha; tazama picha.

Hatua ya 8: Barabarani

Kosta za Arusha na Moshi, Noah za Namanga, Haisi za mjini: kaa karibu na dirisha na ulifungue. Abiria wa nyuma atalalamika upepo, mwambie pole. Mwaka 2020 magari yaliagizwa kubeba kwa levo siti, hakuna kusimama. Sharti hilo likirudi, kondakta atakayekuita "dada ingia, kuna nafasi ya kubana" anakupa hasara mbili, ugonjwa na kusimamishwa na trafiki njiani. Kama mko wanne au watano, kukodi gari hakuzidi sana nauli zenu zikijumlishwa.

Anayetoka Dar kwenda Rombo mwezi Desemba haulizwi cheti chochote. Basi lake lina watu kibao kutoka kila kona ya jiji, kwa saa kumi. Virusi havijui kwamba hiyo ni safari ya ndani.

Hatua ya 9: Nyumbani kwa wenyeji

Hapa hakuna afisa, na hapa ndipo maambukizi mengi ya msafiri hufanyika. Umepita viwanja vitatu kwa barakoa na vitakasa mikono, halafu unaingia kwenye kihamba, shamba la nyumbani la ukoo, bibi ana miaka themanini na kitu, amekusubiri getini tangu saa nne.

"Shikamoo bibi. Ngoja ninawe kwanza ndipo nikukumbatie."

"Marahaba mjukuu wangu. Kwani umeshika nini?"

Bibi atanung'unika, lakini ukimwambia mapema kwa simu kwamba utanawa kwanza, na kwamba siku za mwanzo mtazungumzia nje chini ya migomba na si sebuleni, ataelewa. Ukimshtukiza siku yenyewe ataona umerudi na maringo ya Ulaya. Mpe kazi hiyo mjomba au shangazi anayesikilizwa, atangulize maneno. Ndoo yenye bomba na sabuni iwekwe getini kabla hujafika, si baada ya wageni kuanza kuingia.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, ina adabu yake. Kata moja, kibuyu cha kunywea, hupita kwa wazee, kila mmoja anapiga funda na kumpa mwenzake, na kuikataa ni kama kumkataa aliyekupa. Mlipuko ukiwa wa ugonjwa unaosambaa kwa mate au hewa, kata haipaswi kuzunguka. Njia isiyoleta ugomvi ni mwenye shughuli kusema mwenyewe, mwanzoni, kwamba leo kila mtu ana kikombe chake. Mzee asiyekubali kunywea plastiki apewe kata yake peke yake, akae nayo mpaka mwisho. Heshima yake imelindwa, na hakuna mwingine anayeigusa.

Msiba ni mgumu zaidi. Mstari wa kutoa pole kwa mkono unaweza kuwa na watu mia tatu. Mkono juu ya kifua na kuinama kidogo kunatosha, na kama mchungaji, padri au shehe akianza yeye, watu watafuata. Lakini ikiwa ugonjwa ni Marburg au Ebola hatuzungumzii tena mikono: maiti haioshwi wala kuguswa na familia, inazikwa na timu ya afya, na mgeni aliyesafiri kwa ajili hiyo atasimama mbali kama wengine. Ni bora alijue hilo kabla hajapanda ndege.

Hatua ya 10: Kama unapanda mlima

Ugonjwa wa kimo na ugonjwa wa mapafu hufanana vibaya. Kichwa kuuma, uchovu, kukosa hamu ya kula, pumzi fupi: hayo yote humpata mtu mzima kabisa akifika Horombo, mita 3,720. Kikohozi kikavu ni cha kila mtu kwa vumbi na baridi. Kipima oksijeni cha kidoleni nacho hushuka kwa kila mtu kadiri mnavyopanda, kwa hiyo namba ambayo mjini Moshi ingempeleka mtu hospitali, kule juu inaweza kuwa ya kawaida. Kinachosaidia ni kumlinganisha mtu na wenzake na yeye mwenyewe wa jana: akiwa chini sana kuliko kundi zima, ana tatizo.

Homa kali, koo kuuma na kupoteza harufu si kawaida ya kimo. Hayo yakitokea, mtenge mtu kwenye hema lake, mpime kama mmebeba vipimo vya haraka, na mteremke naye. Mtu anayekosa pumzi akiwa amekaa tu hateremshwi kesho asubuhi. Anateremshwa sasa hivi, iwe ni kimo au ni virusi. Kubishana ni kipi kunafanyika mkifika chini.

Kwa sababu hiyo, wakati wa mlipuko wa hewa nisingemshauri mtu kupanda kwa njia ya Marangu. Ni njia pekee yenye vibanda vya kulala, Mandara, Horombo na Kibo, na humo unalala chumba kimoja na watu usiowajua, madirisha yamefungwa kwa baridi. Machame au Lemosho unalala kwenye hema lako. Hema la chakula nalo liachwe wazi upande mmoja, hata kama supu itapoa.

Wagumu, yaani wapagazi, ndio wanaosahaulika. Mgeni amepimwa, amechanjwa, ana bima. Anayembebea mzigo analala kwenye hema moja na wenzake wengi na akikohoa atanyamaza, kwa sababu akirudishwa getini anapoteza malipo ya safari nzima. Kabla ya kulipia, iulize kampuni inamlipa vipi mpagazi anayerudishwa kwa ugonjwa. Kama jibu ni kwamba halipwi, jua kwamba mtapanda na mtu anayeficha homa, na kosa si lake. Waulize pia wapagazi wanalala wangapi kwa hema.

Aliyetoka kuumwa kifua hivi karibuni aonane na daktari kabla ya kufikiria mita 5,895. Mlima haujawahi kuhama.

Hatua ya 11: Ukiugua, au ukikutwa na ugonjwa siku ya kurudi

Piga simu kwanza, usiende moja kwa moja kukaa kwenye benchi la wagonjwa. Namba 199 ya Wizara ya Afya haina malipo. Moshi kuna hospitali za Mawenzi na KCMC, Arusha kuna Mount Meru na ALMC, na Kibong'oto wilayani Siha ni hospitali maalumu ya magonjwa ya kuambukiza. Waambie tangu mwanzo ulitoka wapi, ulipita wapi na lini. Dai kupimwa malaria pia, hasa kama ulipitia Dar, Tanga au Mombasa. Wakati wa corona kila homa ilipewa jina la corona, na malaria haikuwa imekwenda likizo. Anayeugua baada ya kurudi Ulaya naye amwambie daktari wake kwamba alikuwa Tanzania, wasimpime kimoja wakaacha kingine.

Ukikutwa na ugonjwa siku mbili kabla ya ndege, fuata mpangilio huu: shirika la ndege kwanza, ili tiketi isihesabiwe kuwa umeitupa, kisha bima, na uombe namba ya faili, kisha mahali pa kulala, kisha Uhamiaji, kama viza au muda wako wa kukaa utaisha ukiwa umejitenga. Majibu ya maabara yenye muhuri ndiyo ushahidi wako kwa wote wanne, kwa hiyo omba nakala za kutosha siku hiyohiyo. Kisha waambie wote uliokula nao meza moja katika siku zilizotangulia, kuanzia kwa bibi.